UZI: Noti unazisoma vizuri, ila wimbo ukiusikia huwezi kuupiga? Tulinoe sikio la mpiga piano

#1 – SikioLaNdani (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Nilipiga piano kwa karatasi miaka sita. Ukinipa ukurasa nisioujua naupiga kwa mikono miwili, nikijikwaa hapa na pale lakini nafika. Kisha siku moja tukiwa wengi mtu akaanza kuimba wimbo tunaoujua wote, akanigeukia, "tusindikize." Nikakaa mbele ya vitufe 88 nisijue pa kuweka hata kidole kimoja. Wimbo nilikuwa nao kichwani tangu utoto. Vidole vilikuwa vyepesi. Njia ya kutoka sikioni kwenda vidoleni ndiyo haikuwepo.

Nilipomweleza mwalimu niliyekuwa naye wakati ule, alinijibu kwamba sikio ni la kuzaliwa nalo, ama unalo ama huna. Nikaishika kauli hiyo miaka miwili. Sijapata kupoteza muda kwa kitu kingine kama nilivyoupoteza kwa kuamini maneno yale, na ndiyo sababu nafungua uzi huu.

Kwanza tuelewe kwa nini shida hii inatukamata sana sisi wa piano. Anayejifunza fidla akikosea kidole kidogo tu, noti inatoka imepinda, na ni sikio lake linalomwambia asogee. Mwimbaji naye noti hapewi na mtu, anaitafuta kooni. Sisi tunabonyeza tu, noti inatoka imenyooka kwa sababu fundi alishaituni. Unaweza kupiga miaka kumi sikio lako lisiulizwe swali hata moja. Macho yanasoma, vidole vinatii, sikio limekaa pembeni kama mgeni.

Dawa niliyoipata ni moja na naitetea mbele ya yeyote: IMBA KWANZA, BONYEZA BAADAYE. Kabla kidole hakijashuka, noti iwe imeshatoka mdomoni mwako au imeshasikika kichwani. Kila zoezi nitakaloliandika hapa limejengwa juu ya hilo.

Zoezi la kwanza. Piga kodi (noti tatu au zaidi zikilia pamoja) ya C, ya F, ya G, urudi C. Ifanye polepole mara mbili. Sasa sikio lako linajua nyumbani ni wapi: do iko C. Acha mikono. Imba do. Halafu imba ti iliyo chini yake na ubaki hapo hapo bila kurudi. Utaona mwili wenyewe unataka kupanda kwenye do, kwa sababu kutoka ti hadi do ni nusu toni tu, yaani hatua ya kitufe kimoja hadi cha jirani yake kabisa. Imba fa, ubaki hapo: inataka kushuka kwenye mi, nayo ni nusu toni. So imetulia, unaweza kuishikilia hata dakika nzima. Re haijatulia wala haina haraka, iko njiani. Kila noti ya skeli ina tabia yake mbele ya do, na ukizijua tabia hizo, wimbo ukipita unazitambua kama unavyotambua sauti za watu wa nyumbani kwako kabla hawajaingia mlangoni.

Baada ya hapo funga macho, gusa kitufe cheupe chochote, na kabla hujakitazama kiimbe, kisha tembea kwa sauti hadi do. Ulipoanguka fa utatembea fa, mi, re, do. Ulipoanguka la utapanda la, ti, do. Kutembea huko ndiko kunakokupa jina. Usibahatishe. Tembea.

Dakika kumi kila siku zinashinda saa mbili za Jumamosi, hilo nimeliona kwangu na kwa kila niliyepiga naye.

Nitaendelea kadiri maswali yatakavyokuja. Karibuni.

---

#2 – MweziWaNne

Mkuu asante kwa uzi. Mimi nina miezi minne tu kwenye piano. Shida yangu ni kwamba kila zoezi umeandika "imba" na mimi sauti sina kabisa. Shuleni niliambiwa nifumbe mdomo wenzangu wakiimba. Hakuna njia nyingine?

---

#3 – SikioLaNdani

MweziWaNne, pole sana kwa hilo la shuleni, na usilibebe tena. Hapa hatutafuti sauti ya kupendeza. Sauti yako ni kama kalamu tu, inaandika kile sikio lilichoshika ili uweze kukikagua.

Fanya hivi. Bonyeza C ya kati, ile iliyo karibu na katikati ya piano, shikilia pedali ya kulia. Toa mlio wa "mmm" kutoka chini kabisa ya sauti yako, uupandishe taratibu kama king'ora bila kuruka. Utafika mahali mlio wako na wa piano vinaungana, na kifuani utahisi kama vimekuwa kitu kimoja. Simama hapo. Hiyo ndiyo noti. Kama C ya kati iko juu kwako, sauti yako itaungana nayo oktava moja chini, yaani kwenye C inayofuata upande wa chini, na hilo ni sahihi kabisa: wanaume wengi wanaimba huko. Wanaoanza wengi hudhani wamekosea wakati wako oktava ya chini tu.

Rudia kwa noti tano za jirani, C hadi G. Usihamie zoezi lingine mpaka kuungana kunakuja ndani ya sekunde mbili tatu. Kwa wengi kilicholegea ni njia ya kati ya sikio na koo, na njia hiyo inafunguka kwa kuitumia.

Jambo jingine la kukutia moyo: vitufe vyeusi. Viko vitano katika kila oktava, na ukiifanya F shapu (cheusi kilicho kulia kwa F) kuwa do, vinakupa do, re, mi, so, la. Hakuna nusu toni hata moja ndani yake, kwa hiyo hakuna noti itakayogongana na mwenzake vibaya. Imba kipande kifupi cha noti tatu nne ulichokibuni mwenyewe, kisha kitafute kwenye vyeusi peke yake. Ukikosea kosa halichomi, unajirekebisha na kuendelea. Nyimbo nyingi za watoto na za kale zimekaa ndani ya noti hizo tano.

---

#4 – BesiKwanza

Mleta uzi umeandika vizuri ila nakupinga sehemu moja. Mimi nilijifunza kwa umbali kati ya noti. Umbali wa noti nne kwenye skeli niliukumbuka kwa mwanzo wa wimbo fulani, wa noti tano kwa mwanzo wa wimbo mwingine, hivyo hivyo mpaka nikamaliza zote kumi na mbili. Nikisikia mruko nautaja. Kwa nini unaanza na do badala ya umbali?

---

#5 – SikioLaNdani

BesiKwanza, hoja yako ina uzito na njia hiyo niliipita pia. Niliifanya miezi mitano nikawa natamba kwenye majaribio ya kompyuta, lakini nikiweka wimbo halisi nasimama pale pale.

Chukua do hadi fa, yaani C hadi F. Ni nusu toni tano. Sasa chukua so hadi do ya juu, G hadi C. Nusu toni tano zilezile. Kwa kipimo ni kitu kimoja, lakini ziimbe zote mbili baada ya kuweka nyumbani kwa kodi za C, F, G, C. Ya kwanza inakuacha umesimama mahali pasipotulia, ya pili inakufikisha nyumbani. Wimbo uliotumia kuukumbuka umbali huo ulikuwa na moja tu kati ya hisia hizo mbili. Ukikutana na nyingine, kumbukumbu yako inakukatalia, unaanza kuhesabu, na wimbo haukungoji: ukimaliza kuhesabu mruko mmoja imeshapita mingine sita.

Siutupi umbali. Pale wimbo unapotoka nje ya skeli ghafla na do ikapotea, umbali unakuokoa. Ila msingi nauweka kwenye do.

Na wazo hili ni la zamani mno. Mtawa wa Italia, Guido wa Arezzo, karne ya 11, alikuwa na waimbaji waliotumia miaka kukariri nyimbo moja moja. Akachukua wimbo wa kanisa wa Yohana Mbatizaji ambao katika mistari yake sita ya mwanzo kila mstari unaanza ngazi moja juu ya uliotangulia, akatwaa silabi za mwanzo wa mistari: ut, re, mi, fa, sol, la. Mwimbaji akishaijua tabia ya kila silabi, anaweza kuimba wimbo ambao hajawahi kuusikia. Karne ya 19 Waingereza Sarah Glover na baada yake John Curwen wakaufanya mfumo uwe wa watu wote, do ikihama kufuata wimbo, na silabi ya saba, iliyokuwa ikiitwa "si", ikawa "ti" ili kila silabi ianze na herufi yake. Aliyewahi kuona kwenye karatasi ya kwaya "Do ni G" anajua nazungumzia nini. Ufaransa na Italia do yao haihami, ni C siku zote, kwa hiyo ukisoma vitabu vya kwao kumbuka hilo usije ukachanganyikiwa.

---

#6 – FundiNyuzi

Habari wakuu. Mimi natuni piano, sipigi sana. Naongezea kitu ambacho wapigaji hawakisikilizi kabisa: mapigo.

Sehemu kubwa ya piano, kila noti ina nyuzi tatu zinazogongwa pamoja. Uzi mmoja ukitetemeka mara 440 kwa sekunde na mwenzake 441, husikii noti mbili. Unasikia noti moja inayovimba na kunywea mara moja kila sekunde. Ikiwa 442, mara mbili kwa sekunde. Sikio linalosikia kuvimba huko limeshaamka, na hakuna kipaji ndani yake, nimewafundisha watu waliosema hawana sikio wakasikia ndani ya nusu saa. Jifunzeni kwenye piano isiyotuniwa muda mrefu: chagua noti moja inayolia kama imechafuka, ishikilie, usikilize inavyoyumba mpaka inyamaze.

Pia mjue piano iliyotuniwa vizuri bado ina mapigo ndani yake. Nusu toni zote kumi na mbili zimegawanywa sawa, kwa hiyo hakuna umbali ulio safi isipokuwa oktava, na hata hiyo tunaivuta kidogo. Shika A iliyo chini ya C ya kati pamoja na E iliyo juu yake. Kuna wimbi la polepole sana, kama moja kila sekunde na kitu. Sasa shika C ya kati na E. Hapo yapo mapigo kama kumi kwa sekunde, ya haraka kama kutetemeka. Ndiyo maana kwaya nzuri ikiimba bila ala, ile mi inakaa chini kidogo ya mi ya piano, na ukiisikia mara ya kwanza utadhani wamekosea.

Jaribio moja la mwisho, kwa wenye piano ya nyuzi. Bonyeza G iliyo chini kidogo ya C ya kati taratibu isitoe sauti, uishikilie. Halafu piga kwa nguvu C iliyo oktava mbili chini ya C ya kati na uiachie mara moja. Utasikia G inaimba peke yake. Hukuipiga. Ilikuwa ndani ya ile C tangu mwanzo, sasa imeamsha nyuzi za mwenzake.

---

#7 – SikioLaNdani

FundiNyuzi, ubarikiwe. Nimeacha kuandika nikaenda kuifanya hiyo ya G, nimerudi. Na imejibu swali nililokuwa nalo muda mrefu, kwa nini anayeanza huchanganya do na so, hasa kwenye besi. So imo tayari ndani ya do.

---

#8 – MamaWaWatatu

Kaka samahani kwa swali la pembeni. Mtoto wangu ana miaka minane, anapiga piano mwaka wa pili. Mwenzake darasani akisikia noti yoyote anaitaja jina bila kutazama, hata mlio wa mlango unaofunguka. Wangu hawezi na ameanza kusema hana kipaji. Hilo linafundishika?

---

#9 – SikioLaNdani

Dada, swali si la pembeni hata kidogo, ndilo lililonirudisha nyuma mimi nikiwa mtu mzima.

Yule mwenzake ana kinachoitwa sikio la moja kwa moja, noti anaitambua kama sisi tunavyotambua rangi. Walio nalo wengi walianza muziki wakiwa wadogo sana, na mtu mzima kulijenga kutoka sifuri ni kazi ngumu mno isiyolipa. Lakini muziki haulihitaji. Kinachohitajika ni sikio la kulinganisha: nipe nyumbani, nitakuambia kila kitu kilichobaki. Hilo linafundishika kwa umri wowote.

Na hata hilo la moja kwa moja lina gharama yake. A iliyo juu ya C ya kati kuwa 440 ni makubaliano ya watu tu, yalifikiwa kwenye mkutano wa London mwaka 1939 na baadaye yakawa kiwango cha kimataifa, ISO 16. Wapigaji wa muziki wa zamani wa Ulaya mara nyingi wanatuni A kwenye 415, karibu nusu toni nzima chini. Mwenye sikio la moja kwa moja hapo anaweza kuteseka, macho yanasoma C na sikio linamwambia B. Mwenye sikio la kulinganisha hasikii tofauti yoyote, do ni do.

Mwambie mwanao hivyo, na mcheze mchezo huu jikoni, kwenye gari, popote: wewe imba do na so, yeye ajibu mi. Wewe imba do, re, mi, yeye amalizie. Asiambiwe ni zoezi.

---

#10 – Mpitanjia88

Kwa hiyo mnasema kusoma noti ni bure? Erroll Garner hakuwahi kujifunza kusoma noti na alikuwa mpiga piano mkubwa wa jazi.

---

#11 – SikioLaNdani

Hapana, sisemi hivyo na sitaki mtu aondoke hapa na hilo. Garner ni kweli hakusoma. Art Tatum, naye wa piano ya jazi, karibu hakuona kabisa na alijijenga kwa kusikiliza. Lakini kuna upande wa pili: Beethoven. Mwaka 1802 aliandika barua Heiligenstadt akieleza maumivu ya kupoteza kusikia kwake. Simfoni yake ya Tisa ikapigwa mara ya kwanza Vienna mwaka 1824, naye karibu hasikii kitu tena. Aliusikia wapi muziki ule? Kwenye karatasi, kwa sikio la ndani. Kwake kusoma na kusikia vilikuwa kitendo kimoja.

Ndiyo maana zoezi ninalolipenda kuliko yote linatumia karatasi. Chukua mistari miwili ya wimbo mwepesi usioujua. Kaa mbali na piano. Piga do tu, uondoke. Soma kimya ukiusikia kichwani, kisha uimbe, kisha ndipo uende ukaupige na kuona ulipotoka njiani. Mwanzoni nilichukua dakika ishirini kwa mistari miwili. Ilikuwa inachosha kuliko kupiga saa nzima, na hapo ndipo nilipojua kwamba kwa miaka sita nilikuwa nasoma vidole. Alama kwenye karatasi ilikuwa inaniambia "bonyeza hapa," haikuniambia inalia vipi.

---

#12 – BesiKwanza

Narudi. Nimejaribu ile ya do kwa siku kumi na nakubali nusu yake, nusu nyingine tutaongea. Ila ngoja nichangie upande wangu, kodi, maana naona watu wanahangaika na melodi tu.

Ukitaka kodi za wimbo, acha melodi. Sikiliza besi. Na usisikilizie kwenye spika ya simu, spika ndogo hiyo besi haiwezi kuitoa, utakuwa unatafuta kitu ambacho hakipo. Vaa hedifoni. Sikiliza mara ya kwanza ukiiguna besi peke yake na kuacha kila kitu kingine. Itatoka chini na nzito, wewe iimbe kwenye oktava yako. Ukishaiguna, ipe majina ya do re mi. Tuseme umepata do, so, la, fa, na do iko C: karibu hakika ni C, G, A maina, F. Mzunguko huo umebeba nyimbo nyingi mno.

Mtego uko hapa. Besi ikisimama kwenye mi, wengi wanaandika E maina moja kwa moja. Inawezekana ni kodi ya C iliyopinduliwa, mi ikiwa chini. Tofauti ya kodi hizo mbili ni noti moja tu: E maina ina E, G, B na ile ya C ina E, G, C. Kwa hiyo simamisha wimbo pale pale na uimbe do juu yake. Ikikaa kwa amani ni C. Ikigongana, shuka nusu toni, imba ti, na ikikaa ni E maina. Nimeona watu wanabishana wiki nzima juu ya kodi ambayo ingeamuliwa kwa kuimba noti moja.

Meja na maina ni hivyo hivyo. Noti ya katikati tu inasogea nusu toni: C, E, G kisha C, E flati, G. Watu wanafundishwa meja ni furaha na maina ni huzuni. Sahauni hilo, kuna nyimbo za maina za kucheza usiku kucha na za meja za kuliza. Piga kodi, iachie, imba noti ya KATIKATI. Si ya juu ambayo sikio linaikimbilia, wala ya chini. Ukiweza kuitoa ya katikati kutoka kwenye kodi, umemaliza.

---

#13 – SikioLaNdani

BesiKwanza, hiyo ya kuimba do juu ya kodi yenye mi chini nimeichukua, sikuwa nayo.

Naongeza moja kwenye kodi zako. Kodi ya G yenye saba, G, B, D, F: ndani yake mna fa na ti pamoja, na ndizo zile noti mbili nilizosema kwenye #1 kwamba hazitulii. Moja inataka kushuka mi, nyingine inataka kupanda do. Zipige F na B peke yake, halafu E na C. Mvuto wote wa ile kodi umo kwenye noti hizo mbili. Ukiwa unasikiliza wimbo na ghafla ukahisi umevutwa nyumbani kwa nguvu, zitafute hizo kwanza.

---

#14 – MweziWaNne

Wakuu, wiki ya tatu sasa. Kuungana na noti kunakuja bila king'ora, napata C hadi G, juu ya hapo bado. Swali: programu za simu za mazoezi ya sikio zinafaa? Na najipima vipi peke yangu, maana nikipiga mwenyewe vidole vinajua jibu?

---

#15 – SikioLaNdani

Hongera sana MweziWaNne. Wiki tatu!

Programu zinafaa kwa dakika tano, hasa zile zinazokuwekea nyumbani kwa kodi kabla ya kukuuliza noti. Zile zinazorusha noti mbili hewani bila do zinakuza ustadi wa kucheza programu hiyo. Kipimo changu ni kimoja: mwezi ukiisha, je, naokota wimbo haraka kuliko mwezi uliopita? Kama alama zinapanda na wimbo bado unanishinda, naifuta. Programu inayopunguza mwendo wa wimbo bila kushusha noti zake, hiyo iweke, ni msaada mkubwa kwenye vipande vya haraka.

Kujipima: jirekodi. Leo piga kodi nane au vipande vifupi vya melodi bila mpangilio, uache kimya cha sekunde tano kati ya kimoja na kingine. Usisikilize. Baada ya siku mbili vidole vimeshasahau, fungua na ujibu. Mimi nina rekodi kama hizo nyingi na mpaka leo nazitumia.

Na mdundo usiuache. Kabla ya kutafuta noti yoyote, piga makofi ya melodi huku mguu ukishika mapigo. Mara nyingi mtu anadhani amekosa noti kumbe noti ni sahihi imekaa pigo lisilo lake.

---

#16 – MweziWaNne

Nimejaribu wimbo mzima kwa mara ya kwanza, wa polepole. Do nimeipata kwa kuguna pale wimbo unapoishia, ni C. Besi nimeiguna kama BesiKwanza alivyosema: do, la, fa, so. Nimezipata zote nne. Ila kabla ya mwisho, kati ya F na C, kuna kodi moja imenishinda. Inauma kidogo ukiisikia. Nimejaribu G, D maina, A maina, hakuna.

---

#17 – BesiKwanza

Besi inafanya nini hapo?

---

#18 – MweziWaNne

Haiendi popote. Inabaki fa.

---

#19 – SikioLaNdani

Basi acha kutafuta kodi nyingine, kilichosogea kiko ndani ya hiyo hiyo. Shika F, A, C. Achia. Imba A, ile ya katikati, uishikilie. Sasa weka wimbo sehemu ile na uifuate kwa sauti yako inakokwenda. Usibonyeze kitu mpaka umeimba.

---

#20 – MweziWaNne

Inashuka nusu toni. A, A flati, kisha inaingia G kwenye kodi ya C. Ni F maina! Niliiimba kabla sijaigusa, nikabonyeza ikawa yenyewe.

---

#21 – FundiNyuzi

Sasa uipige yote kuanzia D badala ya C, utuambie hiyo noti inaangukia wapi.

---

#22 – MweziWaNne

B, B flati, A. Nimeimba kwanza.